Busaa ya Kupeleka Chekalini

Mke wangu alipofariki, gunia la unga wa busaa lilibaki nyuma ya mlango wa jikoni. Halikuwa limejaa. Lilikuwa na unga wa kilo mbili tatu tu, limefungwa mdomo kwa kamba ya katani, na juu yake alikuwa ameweka ungo ili panya wasilifikie. Wakati wa matanga watu waliingia na kutoka jikoni humo, wakachukua sufuria, wakachukua kuni, wakahamisha mitungi, lakini gunia hilo hakuna aliyeligusa. Nafikiri kila mmoja alidhani ni la mtu mwingine.

Mimi nilijua ni la nani. Mke wangu alikuwa ameniambia mwenyewe siku alipomaliza kuufunga huo unga. Alisema, "Huu ni wa mama. Usiuguse."

Alikuwa na sababu ya kunionya. Unga wa busaa, ile pombe yetu ya mahindi, si kama unga wa ugali. Mahindi husagwa, unga ukakandwa kwa maji, ukafunikwa kwa siku kadhaa mpaka uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati zito, moto mkali chini, mpaka uwe punjepunje za kahawia. Baadaye huanikwa, na ukikauka vizuri unaweza kukaa muda mrefu ukingoja maji na kimea. Watoto huuiba na kuutafuna. Mimi nilikuwa mtu mzima lakini niliuiba pia. Kila nilipopita karibu na bati nilichota, naye alinipiga mkononi kwa mwiko bila hata kuinua uso.

Mama yake anaishi Chekalini. Miguu yake ilikuwa imekataa kazi tangu mwaka uliotangulia, kwa hiyo hata mazishi ya binti yake hakuyahudhuria. Alikuwa ametuma neno mapema, mke wangu akiwa bado mzima, kwamba ana hamu ya busaa ya mkono wa binti yake, ile aliyomfundisha yeye mwenyewe. Mke wangu akakaanga unga. Alipanga kwenda shule zikifungwa, atie maji na kimea, achuje, abebe. Kabla ya hapo presha ilimpanda, akalazwa, na hakurudi.

Sikulia. Nasema hivyo kwa kuwa watu waliliona na wakalizungumza, na sitaki kulificha. Nilipewa chakula nikala. Niliambiwa kaa hapa nikakaa. Dada yangu aliponinyoa nywele baada ya mazishi, kama ilivyo desturi, alinishika kichwa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akingoja labda kitu kitoke. Hakikutoka kitu. Nilitazama nywele zangu zilivyoanguka juu ya gunia tupu lililotandikwa miguuni pangu, nyeupe nyingi kuliko nilivyodhani. Watoto wetu walirudi Nairobi kazini. Mimi nikarudi kazini pia.

Kazi yangu ni kuziba tairi. Nina kibanda kando ya barabara hapa Shirere, na nyumba yangu iko nyuma ya kibanda. Kaburi liko nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Wanafunzi wanaokodi vyumba huku huniletea baisikeli, watu wa boda boda huniletea pikipiki. Natoa tyubu, naitia kwenye karai la maji, natafuta mapovu yanapotokea, naweka kiraka. Ni kazi nzuri kwa mtu ambaye hataki kuzungumza. Ukishika tyubu chini ya maji, hakuna anayekuuliza unaendeleaje.

Mvua za mchana zilianza. Jioni moja niliondoa ungo nikatia mkono ndani ya gunia, nikahisi unga umeanza kushika unyevu chini. Nikajua hautangoja zaidi. Nilitaka jambo moja tu wakati huo, na nakumbuka nilishangaa kwamba nataka chochote: mama yake aonje. Basi. Unga ule ulikaangwa kwa ajili yake, na mkono uliokaanga hautakaanga tena.

Ningeweza kupeleka gunia lenyewe Chekalini wapikie huko. Lakini mama mkwe anaishi na mwanawe wa mwisho, na mke wa huyo mwanawe ameokoka. Hataki moto wa pombe katika boma lake, hataki mtungi, hataki majirani waje na mirija yao ya kunywea kuketi kuuzunguka. Hilo ni haki yake. Isitoshe, mimi ni mkwe. Kwetu mkwe haketi kwenye mtungi mmoja na mama wa mke wake. Hamshikani mikono, hamli mezani pamoja, hata kutazamana usoni mnaepuka. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nimemjua mama huyo kwa sauti yake na kwa pindo la gauni lake. Kwa hiyo nikaona njia ni chupa. Chupa haina mirija. Inaweza kuingia katika nyumba ya mlokole chini ya koti, na mtu mmoja akanywa peke yake kitandani.

Tatizo ni kwamba sikuwa nimewahi kuona busaa ndani ya chupa. Wala kuipika sikuwa nimewahi.

Nilimwita dada yangu mkubwa. Alikuja akiwa na mwavuli na kiti chake cha kukunja, maana hapendi viti vyangu. Nilipomwambia ninachotaka, aliweka mwavuli chini.

"Wewe ndiye utapika pombe?"

"Ndiyo."

"Kwa jiko la mke wako, na mimi niko hapa nina mikono miwili."

Nilimwambia nataka niipike mwenyewe. Sikujua kumweleza zaidi ya hapo. Akasema, "Basi sogeza kiti changu hapo kivulini. Mimi nitakuwa mdomo, wewe utakuwa mikono."

Na ndivyo tulivyofanya. Kimea hakikuwepo, kwa hiyo kwanza alienda sokoni akakinunua, wimbi, yaani ulezi, iliyooteshwa na kusagwa tayari. Nilichemsha maji nikayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Nikafungua gunia. Harufu iliyotoka ilikuwa ya moshi na uchachu, ile harufu iliyokuwa ikikaa kwenye nguo za mke wangu kila alipokaanga. Nilingoja nione kama itanifanya kitu. Nikaanza kuchota.

Dada yangu alisema mimina wote mtungini. Nilimimina mpaka ukabaki kidogo kwenye pembe ya gunia, vikombe viwili labda, nikauacha. Alipoinama kufunga mkoba wake, niliukunguta ule uliobaki kwenye kopo la majani ya chai nikalifunika nikaliweka rafuni. Sikuwa nimepanga kufanya hivyo. Sikuweza tu kuona gunia likiwa tupu kabisa.

Nikatia kimea. Dada alisema ongeza, nikaongeza. Akasema koroga mpaka chini, nikakoroga. Alinicheka nilivyoushika mwiko, akasema naukoroga mtungi kama mtu anayetafuta ufunguo uliozama. Tukafunika kwa kitambaa. Siku zilizofuata nilikuwa nikitoka kibandani, nainamia mtungi, nasikiliza. Ndani kulikuwa na sauti ndogo ndogo kama mvua nyepesi kwenye majani. Dada yangu aliposikia kwamba bado inachemka alisema vizuri, iacheni ichemke. Alisema "iacheni" kana kwamba tuko watu wengi katika nyumba hiyo.

Shemeji yangu, yule mwana wa mwisho, alipiga simu kusema atakuwa mjini siku mbili baadaye kununua vipuri, na anaweza kunibeba kwenye pikipiki tukirudi. Mke wake siku hiyo angekuwa kwenye mkutano wa maombi mpaka jioni. Kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kungoja. Nikachuja siku ile ile.

Chupa nilikuwa nazo. Wanafunzi wakihama huacha chupa nyuma ya vyumba, na mimi huziokota za kuwekea mafuta ya taa na oili. Nilichagua zile ambazo hazikuwahi kushika chochote changu. Nikatia kokoto ndogo na sabuni na maji, nikatikisa mpaka mkono ukachoka, nikasuuza, nikanusa, nikasuuza tena. Jerikani la plastiki lingekuwa rahisi. Lakini mke wangu hakuwahi kutia busaa kwenye plastiki, alisema inachukua ladha ya maisha ya zamani ya jerikani. Chupa zilipokauka juu ya ukuta nilichuja kwa kitambaa, nikakamua machicha, nikamimina polepole kwa mrija wa karatasi niliyoikunja kama koni. Busaa haipendi mdomo mwembamba. Inakwama, inapumua, inatapika juu. Nilipata chupa tano, na dada yangu akanywa kikombe kilichobaki.

"Ikoje?" nikamuuliza.

"Ni busaa," akasema. Alipoona nangoja zaidi akaongeza, "Ni kali kidogo. Lakini ni busaa."

Kizibo tulitumia gunzi la mahindi, kama watu wa zamani walivyoziba vibuyu. Nilichonga kila gunzi kwa kisu mpaka likaingia sawasawa. Dada yangu alisema inatosha hapo. Akasema gunzi linajua kazi yake. Kisha akachukua mwavuli wake na kiti chake akaenda nyumbani.

Mimi niliinamisha chupa moja, nikaona unyevu ukitokeza pembeni mwa gunzi, na mapovu madogo.

Nataka kueleza vizuri lililonipata hapo, maana sikuwa mlevi wala mjinga. Mimi nimekaa zaidi ya nusu ya maisha yangu nikitafuta mapovu na kuyaziba. Nikiona povu, mkono wangu unaenda wenyewe kwenye raba. Nilikata vipande vya tyubu ya pikipiki, nikavivuta juu ya gunzi kwa nguvu zangu zote, nikazungusha chini ya shingo ya chupa, nikafunga fundo lile ninalofungia mizigo ya watu wa boda boda. Nikainamisha tena. Hakuna tone. Hakuna povu. Niliridhika. Labda ndiyo mara ya kwanza niliridhika na kitu tangu mazishi. Nikazipanga chupa zote chumbani, chini ya msumari ambao leso ya mke wangu ilikuwa imetundikwa, ile aliyojifunga siku tuliyompeleka hospitali. Sikuwa nimeifua. Sikuwa nimeisogeza.

Siku iliyofuata mchana nilikuwa kibandani, nimeshika tairi la mbele la pikipiki kati ya magoti, niliposikia mlipuko. Mwenye pikipiki aliruka. Mimi nilitazama tairi mikononi mwangu, nikalikuta zima. Nikatazama yale mengine yaliyotundikwa. Yalikuwa mazima yote. Ndipo nikasikia wa pili, wenye sauti nene zaidi, na ulitoka ndani ya nyumba.

Nilifungua mlango wa chumba. Chupa mbili zilikuwa zimepasuka. Vioo vilikuwa kitandani, sakafuni, ndani ya viatu vyangu. Busaa ilikuwa ikiteremka ukutani polepole, nzito, na leso ilikuwa imelowa kuanzia katikati hadi chini, machicha yameshika kwenye maua yake. Mwenye pikipiki alikuja akasimama nyuma yangu. Akasema, "Baba, hiyo ni bomu ama ni nini?" Nikamwambia ni pombe. Akasema pole, na baada ya muda akauliza kama tairi lake litakuwa tayari leo.

Nilimaliza tairi lake kwanza. Kisha nikarudi ndani nikabeba zile chupa tatu moja moja, kwa mkono ulionyooshwa, uso nimeugeuza, nikazipeleka hadi kwenye migomba. Nikakata raba. Ya kwanza gunzi liliruka hadi kwenye kaburi, na povu likaja juu na kumwagika ardhini, likaendelea kumwagika kwa muda ambao sikuutarajia. Ya pili na ya tatu hivyo hivyo. Nilisimama nikitazama unga wake ukiingia kwenye udongo. Nilikusanya kilichobaki katika zile chupa tatu nikakitia katika moja. Haikujaa mpaka shingoni. Nikaichongea gunzi jipya, nikaliweka kwa vidole viwili tu, nikaliacha.

Jioni nilifua leso. Hakukuwa na njia nyingine, ingeoza. Nilijua kwamba nikiitia kwenye maji, kilichokuwa kimebaki humo cha mwili wake kitaondoka, jasho lake na yale mafuta aliyojipaka. Niliitia kwenye maji. Niliifua mara mbili kwa kuwa harufu ya pombe ilikuwa haitoki, nikaianika kwenye kamba. Nilikula viazi vilivyobaki nikalala. Ningependa kuandika kwamba sikupata usingizi, lakini nilipata.

Shemeji alikuja asubuhi, vipuri vyake vimefungwa mbele juu ya tangi. Nilipanda nyuma na chupa ndani ya koti, nimeikumbatia kifuani, kidole gumba juu ya gunzi. Barabara ya lami ilikuwa sawa, lakini tulipoiacha na kuanza kurukaruka kwenye ya murami, changarawe tupu, nilisikia gunzi likinisukuma kidole. Kila liliposukuma nililegeza kidogo, likatoa pumzi, nikalirudisha. Shemeji alinitazama kwenye kioo.

"Shemeji, hiyo ni chupa ama ni mtoto mchanga?"

"Endesha."

"Akilia uniambie tusimame anyonye."

Yeye ni mtu wa mzaha, na kwetu shemeji ana ruhusa. Lakini tulipokaribia Chekalini alizima mzaha wake. Alipunguza mwendo ili nimsikie. Alisema mama anajua nakuja, na anajua kwa nini, na tangu jana amekataa uji kwa kuwa anataka kinywa chake kiwe safi. Nilikuwa nimemweleza kila kitu kwenye simu usiku uliotangulia, kimea cha sokoni, chupa zilizopasuka, na kwamba nilikoroga mimi. Sasa akasema hayo si lazima yafike kwa mama.

"Atakuuliza kama ni ya mkono wa marehemu dada yangu. Wewe sema ndiyo. Ni mzee, shemeji. Anataka neno moja tu."

Gunzi lilisukuma, nikalilegeza.

Walikuwa wameweka kiti changu nje, chini ya dirisha la chumba cha mama mkwe, mgongo kwa ukuta. Pazia lilikuwa limeshushwa. Yeye alikuwa kitandani ndani, karibu kiasi kwamba nilisikia kitanda kikilia alipojigeuza. Alinisalimia, nikamsalimia. Akauliza habari za njia, za mvua, za watoto. Akaniuliza kama nakula obusuma, ugali wetu. Nikasema nakula. Hakutaja kaburi, na mimi sikulitaja. Kuku alikuwa akichakura karibu na mguu wangu, nikamwangalia huyo.

Shemeji alichukua chupa mikononi mwangu, akatafuta kikombe, akaingia. Nilisikia gunzi likitoka, pumzi ndogo tu, na busaa ikimiminwa. Mama alikunywa kidogo. Akanywa tena.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Hii ni ya mkono wake?"

Shemeji alikuwa ametoka na kusimama mlangoni. Alinitazama. Hakunikonyeza wala kunitikisia kichwa, alinitazama tu. Nilijua neno lenyewe ni dogo, na kwamba hakuna atakayeumia nikilisema. Lakini nilipojaribu kulisema niliona kama ningekuwa ninamweka mke wangu mahali ambapo hakuwepo.

"Unga ni wake, mama," nikasema. "Aliukaanga mwenyewe. Aliukaanga akisema ni wako. Maji nilitia mimi. Kimea ni cha sokoni, na kukoroga nilikoroga mimi."

Shemeji alitazama viatu vyake.

"Nilijua," mama akasema kutoka ndani. Hakuwa na hasira. "Kimea ni kingi na ni kikali. Yeye alikuwa anaotesha chake kwa majani ya ndizi, na alikuwa anawekanga kidogo, kwa sababu ya tumbo langu."

"Pole, mama."

"Usiseme pole. Inanyweka." Nikamsikia akimeza tena. "Lakini nimemtafuta humu, mkwe. Simpati."

Kisha akauliza kama binti yake alipokuwa akikaanga alikuwa mzima. Nikamwambia alikuwa mzima. Alilalamikia moshi, akaniambia nihamishe bati upande wa pili, na nilipolihamisha upepo ukageuka na moshi ukamfuata huko. Alinitukana kidogo. Mama alicheka kwa pua. Akasema mtoto huyo na moshi hawakupatana tangu akiwa mdogo.

Kisha akasema jambo ambalo bado nalifikiria nikiwa kazini.

"Kwa nini hukuniletea unga wenyewe? Mkavu hivyo tu. Ningetafuna."

Nilikaa kwenye kile kiti nikatazama mikono yangu. Siku zile zote, kokoto ndani ya chupa, magunzi, raba, vioo ndani ya viatu, leso. Unga ungeingia kwenye mfuko wa koti. Hakuna aliyefikiria hilo. Busaa ni kitu kinachonywewa, basi tulifikiria kunywa.

"Ama umeisha?" akauliza.

Hakuna aliyejua kuhusu lile kopo. Dada yangu hakuona, shemeji sikumwambia. Ningesema umeisha, na ingekuwa karibu na kweli. Niligundua kwamba sitaki kuutoa. Nilikuwa nimefikiri kwamba hakuna kitu tena ambacho sitaki kukitoa.

"Umebaki kidogo," nikasema. "Uko nyumbani, kwenye kopo."

"Umemwekea nani?"

"Nimejiwekea."

Kitanda kililia. Nikadhani amegeukia ukuta, na kwamba nimemkosea.

"Unautafuna?"

"Hapana, mama. Sijafungua."

"Utaota ukungu," akasema. "Huko kwenu kunanyesha kila siku. Gawa, mkwe. Nusu mpe huyu kijana aniletee. Nusu utafune wewe. Lakini utafune, usiuweke."

Nikasema nimesikia.

Alimaliza kikombe chake. Kilichobaki chupani shemeji alikinywa akiwa amesimama nyuma ya nyumba, kisha akaosha chupa na kikombe kwa majivu ili mkewe asinuse. Alinipeleka hadi kwenye lami nikapanda gari la kurudi. Tulipoagana alinishika mkono bila mzaha wowote. Akasema, "Ungesema tu ndiyo." Baadaye akasema, "Lakini angejua." Ndivyo tulivyoachana.

Juma lililofuata alikuja mjini tena, akapita kwangu. Nilimwacha kibandani ameketi kwenye kiti changu cha kazi nikaingia jikoni. Niliteremsha kopo nikalifungua. Nilitandaza gazeti mezani, nikapima kwa kikombe cha chai, kimoja chake, kimoja changu, kisha zile punje zilizobaki chini ya kopo nikaziongeza upande wa mama. Nikakunja gazeti mara nyingi. Nilikata kipande cha tyubu nikafunga, safari hii bila kuvuta sana. Shemeji alitia kifurushi kwenye mfuko wa shati, akapigapiga juu yake, akawasha pikipiki. Jioni alinipigia kusema mama ameupokea, ameomba achwe peke yake, na yeye anamsikia akitafuna.

Mimi nilibaki na unga wangu mezani. Nilifikiri kuurudisha kwenye kopo. Nilikuwa hata nimeshika kifuniko. Kisha nikakumbuka nilivyoambiwa, nikachota kwa vidole vitatu kama nilivyokuwa nikiiba, nikatia mdomoni.

Ulikuwa mkavu sana, na kwanza haukuwa na ladha yoyote. Nilitafuna. Ukaja moshi, halafu ule uchachu, mkali, pembeni mwa ulimi, na mate yakanijaa mdomoni ghafla, mengi, mpaka nikalazimika kumeza. Tangu matanga nilikuwa nikila kwa kuwa sahani iko mbele yangu. Nilisimama hapo jikoni, mkono mmoja mezani, nikimeza mate. Nikachota tena.